Sauti ya Nne Imekwenda Wapi?

Mume wangu Method ana spika mbili za mbao, kila moja inanifika kiunoni, na nyumba nzima inajua kwamba moto ukiwaka ataokoa hizo kwanza, mimi baadaye. Aliachiwa na padri mzee aliyerudi kwao. Zimekaa sebuleni kwetu hapa Mpanda, moja upande huu na moja upande ule wa dirisha, nimezitandikia vitambaa vya kufuma. Amplifaya yake ni ya enzi hizohizo. Ukiiwasha inanukia vumbi la moto.

Kila Kwaresima tunazinyamazisha. Jumatano ya Majivu Method anachomoa waya zote, nami nazifunika spika kwa kitambaa cha zambarau, kama sanamu za kanisani. Majirani wanacheka.

"Mama Bernadetha, na spika nazo zinafunga?"

"Zinafunga," nawajibu, "tena kuliko nyie."

Pasaka ya mwaka huu Method alizirudishia waya mwenyewe kama kawaida yake, miwani puani, hataki kusaidiwa. Mjukuu wetu Evaline alikuwa ameirekodi kwaya kwenye simu wakati wa misa. Hiyo kwaya mwalimu wake ni Method, tangu mama yake Evaline ananyonya. Basi Evaline akachomeka simu kwenye amplifaya, tukakaa kusikiliza, sahani za pilau magotini.

Ikaja sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwona Method anainamisha kichwa upande, kama kuku anayechungulia mwewe. Pilau hakuimaliza.

Zikapita siku kadhaa. Kisha tukiwa tunapukuchua mahindi uani akaniambia, bila kunitazama, "Mama Bernadetha, sauti ya nne siisikii."

"Besi?"

"Wazee wangu wa besi. Zamani wakifungua kinywa unawasikia mpaka kwenye mbavu. Sasa ni kama wamekwenda shamba wote."

"Hata mimi naona muziki umekonda."

"Wewe na mimi tumezeeka pamoja. Masikio yetu ni ya rika moja, huwezi kuwa shahidi."

"Lakini kanisani si unawasikia?"

Akaacha kupukuchua. "Kanisani naona midomo yao inafunguka. Nitajuaje kama nasikia kwa masikio au kwa macho?"

Nikaokota hindi lingine. Akasema Jumapili atamkabidhi kwaya Bartolomeo, mkubwa wa besi, kwa sababu mwalimu asiyesikia besi ni dereva asiyeona barabara. Alisema kama anayesema mvua itanyesha. Lakini vidole vyake vilikuwa vinapiga mapigo juu ya gunzi, moja mbili tatu, moja mbili tatu, na nikajiuliza, mtu huyu akiacha kwaya atakuwa anaamka asubuhi kufanya nini?

Nikamuuliza Evaline. "Bibi, mbona sauti iko poa tu?" akasema. Simlaumu. Mtoto aliyekulia muziki wa simu atakumbukaje besi? Asiyewahi kuonja asali haiti chai chungu.

Jumamosi Method akatoka kwenda kwa Bartolomeo. Mimi nikawasha ile kwaya, nikachukua ufagio. Nina tabia moja: kitu nisichokielewa nakizunguka. Nilizunguka. Katikati ya chumba, muziki mwembamba. Nikaenda kufagia karibu na spika ya kushoto, nikainama nichukue ganda la karanga, na sikio likawa pale pale kwenye kitambaa cha spika. Besi! Bartolomeo mzimamzima, na kikohozi chake.

Nikakimbilia ya kulia, kama mtu wa miaka yangu anavyokimbia. Besi tena! Nikarudi katikati. Hamna.

Nikasema Yesu na Maria, hawa wazee wamo humu, wanamkimbia nani?

Nikaenda kubeba godoro la Evaline, nikaifunika spika ya kulia gubigubi, nikasimama katikati. Besi ikaja mpaka kwenye nyayo. Nikalitoa godoro: besi ikaondoka. Nikalirudisha: ikarudi. Evaline aliingia akanikuta na godoro mgongoni.

"Bibi! Unahama?"

"Nyamaza, mke mwenzangu, niko kazini."

Method aliporudi alikuwa na Bartolomeo, wamekuja kupanga namna ya kukabidhiana. Hata salamu sikuwapa.

"Kitendawili!"

"Leo siyo siku yake," Method akasema.

"Tega," Bartolomeo akasema, maana huyo hajawahi kukataa.

"Nina watoto wawili. Akiimba mmoja, nashiba. Wakiimba wote wawili, nabaki na njaa."

"Wake wawili," Bartolomeo akasema.

"Hayo ni ya nyumbani kwako."

"Laini mbili za simu," akasema Evaline.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Katumba," Bartolomeo akasema.

"Nataka Sibwesa. Haya, nikaenda Sibwesa, nikala ugali kwa kuku, nikarudi. Na jibu silijui! Ndiyo maana nawauliza."

Wakacheka, isipokuwa Method. Nikawasha kwaya, nikamsimamisha katikati, nikalitupa godoro juu ya spika. Nikamwona anavuta pumzi.

"Toa," akasema. Nikatoa. "Weka." Nikaweka. "Mama Bernadetha, nimewasikia!"

"Umewasikia kwa macho?"

"Kwa masikio! Nimefumba macho!"

Akapiga magoti mbele ya spika kama mbele ya altare. Akavua vile vitambaa vya mbele, tukaona yale makaratasi meusi ya ndani yanayotetemeka. Akachomoa waya kwenye amplifaya, akaagiza betri ya tochi, maana padri alikuwa akizijaribu hivyo. Akaigusisha kwenye waya za kushoto: karatasi likaruka nje. Akaigusisha za kulia vilevile: karatasi likaingia ndani.

"Huyu anatoka, yule anaingia," Evaline akasema.

Hapo nikaelewa. Ni kama watu wawili wanaorusha mpunga kwenye turubai. Wakipandisha pamoja, mpunga unaruka. Mmoja akipandisha mwingine akishusha, mpunga unateleza tu, na nyie mnachoka bure.

Waya zile zilikuwa nyekundu na nyeusi zamani. Sasa zote zina rangi ya vumbi la Mpanda, na siku ya Pasaka Method alikuwa amezigeuza za upande mmoja. Akazigeuza tena. Tukawasha, bila godoro.

Sitawaambia ilikuwaje, maana mtasema bibi anaongeza chumvi. Vikombe kabatini vilipiga makofi. Method alifumba macho, mkono umepanda hewani, anaongoza. Mara mkono ukasimama.

"Zima! Bartolomeo, hapo kwenye Aleluya mnaburuza. Na kuna mtu mmoja anashuka, hafikii noti."

"Mwalimu, hiyo ni simu."

"Siyo simu. Ni wewe."

"Afadhali ungebaki kiziwi!"

"Mazoezi kesho baada ya misa, besi peke yenu."

Evaline akamshika babu yake bega. "Mume wangu, kwa hiyo kwaya humpi tena?"

"Nimpe mtu anayeshuka?"

Bartolomeo hakukasirika. Alisogeza kiti mpaka mbele ya spika, akaweka mikono magotini. "Rudisha nyuma, mwanangu," akamwambia Evaline. "Na mimi nijisikie ninavyoshuka."