Soksi ya Pili

Rozalia alifunga kitanzi cha mwisho, akakata uzi kwa meno, akailaza soksi ya kijani juu ya goti. Kibonge cha uzi uliobaki hakukigusa.

"Moja tu?" Tumpe aliuliza. Yeye ndiye aliyeitunza nyumba ile ya akina mama wa kanisa, nyuma ya hospitali ya jeshi, ambako ndugu wa wagonjwa hulala bure. Kwa baridi ya Mbeya, kila anayeuguza hupewa sindano na sufu amfumie mgonjwa wake soksi.

"Moja kwanza, dada. Leo wanafungua bandeji. Nikifuma ya pili na mguu wakaukata, nitamvalisha nani?"

Bertha, mama wa makamo kutoka Mgololo aliyekuwa akimuuguza mwanawe, aliacha kumenya viazi.

Koplo Sosthenes, mume wa Rozalia, aliangukiwa na gogo mguuni. Daktari alisema damu ikifika vidoleni, mguu utabaki.

Mara Rabson, mdogo wake koplo, akaingia uani mbio. Alifungua mdomo, pumzi ikagoma. Akainua vidole viwili.

"Mungu wangu," Bertha alisema, "wanakata yote miwili?"

"Shemeji, sema!" Rozalia alisimama.

"Inabaki! Yote miwili! Nimemtekenya unyayo, akanitukana Kihehe mbele ya daktari!"

Rozalia alicheka mpaka akakalia beseni la viazi, maji yakamlowesha, akazidi kucheka.

"Kakutukanaje?" Bertha alitaka kujua.

"Hayasemeki mbele yako, mama."

"Sema, mwanangu! Nimezaa saba, nitashtuka nini?"

Rabson alimnong'oneza. Bertha alijifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika.

Kisha kila mmoja akakimbilia sindano, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anafanya nini. Walifuma huku wakiimba, wakisahau maneno, wakirudia kiitikio. Saa tisa Rabson akawatazama mmoja mmoja.

"Jamani, kaka yangu ana miguu mingapi?"

Wakaangalia mapajani mwao. Soksi za pili zilikuwa tatu: ya Rozalia kijani, ya Bertha njano, na nyekundu ya Tumpe, pana kama mfuko wa mahindi.

"Ulipima kwa nani, dada?" Rozalia aliuliza.

"Kwa macho," Tumpe alijibu. "Na sifumui!"

"Basi hiyo ni kofia ya shemeji," Rozalia alisema, akamvalisha Rabson hadi masikioni. Ya njano Bertha alisema itamfaa mwanawe.

Kengele ya kuona wagonjwa ikalia. Rozalia alikuwa amefika kisigino, pale panapotaka mikono iliyotulia, naye alikuwa bado anacheka. Akaziacha sindano ndani ya sufu, juu ya kigoda.

"Leo atavaa moja," alisema, akiitia mfukoni ile iliyokamilika. "Kisigino ni kesho."

"Na viazi?" Rabson aliuliza.

Nusu vilikuwa bado na maganda. Lakini wanawake walishatoka getini.