Mbegu za Bibi Mboje

Calvin alikataa chai mara mbili, na hapo hapo nikajua ana jambo. Mtu aliyekuja kusalimia tu hunywa. Anayekataa ana haraka ya kufika kwenye lililomleta, na lililomleta Calvin lilikuwa mdomo wa mume wangu.

Kwa ukoo wake sikuwa na neno naye. Ni mtoto wa Kasimiri, fundi cherehani wa pale Chala, na alitoa shikamoo vizuri, kofia mkononi. Lakini alikuwa anafanya kazi na kampuni ya nje inayotengeneza akili mnemba, hizo mashine za kwenye simu ambazo ukiziuliza swali zinakujibu kama mtu. Alisema mashine hizo hufundishwa kwa kulishwa maneno ya watu: vitabu, nyimbo, hadithi. Za wenzetu wanazo tele, za Ufipa hawana. Kwa hiyo kampuni inatafuta wasimulizi, na kila aliyemuuliza hapa kijijini alimtajia Adolfu.

Adolfu alikuwa ameshakaa mkao wa kupigwa picha. Mume wangu ni mtu mzima, lakini ukimsifu anageuka mtoto.

Mimi nikauliza kama hadithi zinanunuliwa. Calvin akasema hapana, zinakodiwa. Kuna mkataba, umeandikwa kwa Kiswahili, hadithi zinabaki mali ya mzee, kampuni inapewa ruhusa tu ya kuzitumia kufundishia mashine yake. Nikamwambia sisi hapa tunajua kukodisha. Ng'ombe wa kulima ukimkodisha, jioni anarudi zizini, na unamkagua mgongo kama amepigwa. Hadithi itarudi lini, nami nitaikagua wapi? Calvin akacheka kwa adabu. Kucheka si jibu, nami nililiona hilo, ila Adolfu alikuwa ameshaomba kalamu.

Lililoniudhi zaidi lilikuja mwishoni. Nilipouliza siku ya kwenda mjini kurekodi ni ipi, ili nitafute mtu wa kuangalia kuku, Calvin akasema mama hana haja ya kusumbuka. Wanataka sauti moja. Zikiingia mbili mashine inachanganyikiwa.

Niseme hapa jambo ambalo mgeni asingelijua. Kwetu hadithi haisimuliwi na mtu mmoja. Yuko anayesimulia na yuko anayeitikia, na mwitikiaji hakuwekwa pale aseme ee, ee, kama anayesinzia. Msimulizi akifika mahali anapopajua mwenyewe, anaweka uongo makusudi, kisha ananyamaza. Ni kazi ya mwitikiaji kuukataa. Asipoukataa, hadithi haiendi mbele, na watu watakaa pale mpaka makaa yawe majivu. Mimi nimemwitikia Adolfu tangu nilipoolewa, kabla hatujazaa na yeye kuanza kuniita Mama Monika. Kila uongo wake ninaujua unapokaa.

Uongo anaoupenda kuliko yote ni ule wa Bibi Mboje, bibi mzaa mama yangu. Mwaka wa njaa kubwa watu wa hapa walikula mpaka mbegu. Bibi Mboje akaenda kwa miguu vijiji vya mbali, akarudi na ulezi umefungwa kwenye pindo la nguo, na huo ndio tunaoupanda mpaka leo. Adolfu akifika hapo hunitazama kwa jicho moja na kusema, "Zile mbegu aliiba." Kisha kimya. Nami namjibu, "Hapana. Alipewa." Yeye, "Alipewa na nani?" Mimi, "Na mwenye mbegu, kwa kuwa alimuuguza mwanawe mpaka akapona." Watu hucheka, maana ni utani wa mume kwa ukoo wa mke, na utani huo umekaa katika ndoa yetu kama chumvi kwenye mboga.

Basi Adolfu akaenda Sumbawanga peke yake, ukiwa ni ule wakati wa baridi ambapo upepo wa huku juu unakata masikio. Walimrekodi mtaa wa Chanji, kwenye chumba cha nyuma ya duka la Mzee Halfani, ukutani wametundika mablanketi ili makelele ya pikipiki yasiingie. Alirudi na mkate wa dukani na sauti inakwaruza. Nikamuuliza nani aliitikia. Akasema hakuna. Nikamuuliza pale pa Bibi Mboje alipitaje.

"Nilipita tu," akasema, akaanza kukata mkate.

Mtu wa maneno kama Adolfu, akijibu kwa maneno mawili, ni mtu anayeficha. Sikulala naye vizuri wiki ile.

Lililofichwa lilijitokeza mwaka uliofuata, karibu na mvua, tulipokusanyika kinamama wa kikundi kugawana mbegu. Mimi ndiye mtunza mbegu wa kikundi chetu. Ulezi wa wote unakaa kwenye ghala langu, ufunguo unakaa shingoni mwangu pamoja na rozari, na heshima hiyo sikuipata kwa kura. Ilitoka kwa Bibi Mboje, ikapita kwa mama, ikanifikia. Coleta jirani yangu alikuwa na simu mpya. Akasema siku hizi hadithi za mzee zimo humo, ukiuliza unasimuliwa. Akaiuliza habari za mbegu za ulezi za kijiji chetu.

Sauti ya dada mmoja laini, isiyo na kikohozi wala mate, ikaeleza yote. Njaa, safari, pindo la nguo. Kisha ikasema, pasipo kunyamaza hata kidogo, kwamba Bibi Mboje aliziiba mbegu hizo na ndiyo sababu alirudi kwa njia za porini.

Mimi, kwa mazoea, mdomo ukanitoka: "Hapana. Alipewa."

Simu ikanishukuru kwa kuisahihisha. Ikasema ni kweli, alipewa. Nilipaswa kufurahi, lakini wepesi ule ulinitia shaka. Nikaisogelea nikaiambia kwamba, kwa kweli, aliyeiba alikuwa bibi yake Coleta. Ikanishukuru tena na kusema ni kweli, ni bibi yake Coleta. Wanawake wakaangua kicheko. Coleta akaipokonya simu yake akaitia kifuani, na kuanzia hapo hakuniangalia usoni.

Siku chache baadaye nikaambiwa kwamba kikundi kimeona ni busara ghala liwe na kufuli mbili, na ya pili ufunguo wake akae nao Coleta. Si kwamba hatukuamini, Stefania, walisema. Ni utaratibu tu. Tangu lini tuna utaratibu sisi? Niliingia ndani nikalia, nikajifuta, nikatoka kumtafuta mume wangu.

Adolfu alisema alinyamaza pale, kama kawaida. Alisema alinisubiri, na wao wakakata. Nikamwambia hivyo ndivyo angesema hata mtu ambaye hakunyamaza. Maana shaka ilikuwa imeshaniingia, na shaka ikiingia haichagui pa kukaa. Labda miaka yote hii alikuwa anaamini anachosema, na mimi ndiye niliyekuwa namzuia. Labda alipojikuta peke yake kati ya mablanketi, hakuna wa kumkatalia, aliona raha kulisema na kupita. Tuliishi nyumba moja kama wapangaji. Nilimpikia, alikula, alisema asante.

Mwisho nikavaa kitenge cha kanisani nikaenda Chanji. Nikamwambia Calvin nataka kusikia ya mwanzo, ile kabla ya kukatwa. Akaanza kuzunguka. Mara ni mali ya kampuni, mara inabidi aombe kibali, mara umeme si wa kuaminika. Nikamwambia sawa, nikakaa kwenye kiti chake na kikapu mapajani. Mteja mmoja akaja kuulizia betri upande wa duka akaondoka, akaja mwingine, mimi nipo. Hatimaye Calvin akanivisha vile vifaa vya masikioni, akabonyeza.

Alikuwa Adolfu wangu, kikohozi na yote. Akasimulia njaa, akasimulia safari, akafika.

"Zile mbegu aliiba."

Kimya. Nikasikia kiti kinalia. Nikasikia anasafisha koo.

"Zile mbegu aliiba, nasema."

Kimya tena, kirefu zaidi. Halafu, kwa sauti ya chini ambayo si ya msimulizi, sauti anayoitumia akiamka na kukuta nimeshatoka kwenda kisimani, akasema, "Mama Monika?"

Ikaingia sauti ya Calvin, ya upole: "Endelea tu mzee, tutapunguza hapo."

"Haya," Adolfu akasema. Akaendelea.

Nilivua vile vifaa. Aibu ilinishika, nikawa natazama sakafu. Nikamuuliza Calvin kama anaweza kutia jibu langu pale penye kimya, sasa hivi, mdomo wangu huu hapa. Akasema anaweza kurekodi na kutuma, lakini mashine imeshajifunza, na kilichokwisha kuingia hakichomolewi. Aliyasema hayo bila kunitazama. Nikamuuliza la mwisho: na pale mume wangu anaponiita, napo walipapeleka huko?

Calvin akageukia kioo cha kompyuta yake.

"Hapana mama," akasema. "Tulipaondoa. Hapakuwa sehemu ya hadithi."

Sikumwamini. Lakini nilimwomba Mungu iwe kweli.

Nilifika nyumbani jua linaelekea mlimani. Nilipita ghalani, kufuli zote mbili zipo, ile ya Coleta inang'aa. Adolfu alikuwa sebuleni anapukuchua mahindi, punje zinaangukia kwenye ungo. Akanipa pole ya safari. Nikaitikia, lakini sikukaa. Niliichukua simu yake juu ya kabati, nikaichukua na ya kwangu kwenye kikapu, nikatoka nazo uani. Nikazitia kwenye chungu, nikafunika na sahani, juu ya sahani nikaweka jiwe. Kisha nikarudi ndani nikafunga mlango, nikavuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Hapana," nikamwambia. "Alipewa."

Mikono yake ikasimama juu ya gunzi. Akatazama mlango, akatazama juu ya kabati palipokuwa na simu, akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Alipewa na nani?" akasema.