Karto ya Bwegera

Kabla ya mashini kuja, mlangoni pa depo yetu ya dawa hapa Uvira palikuwa na karto tatu, maboksi yaliyofungwa kwa kamba, moja kwa kila kituo cha afya cha nje ya mji: ya Kiringye, ya Bwegera na ya Lemera. Nilizifunga mwenyewe kila Jumamosi. Ndani niliweka dawa ambazo kituo cha afya hakiwezi kukaa bila hizo: serumu, nyuzi za kushonea, kinini, na sindano za magnezi za mama mjamzito anayeshikwa na kifafa. Hakuna aliyenifundisha. Vita ya kwanza ndiyo ilinifundisha. Siku ilipotufikia, majeruhi walilala nje ya mlango wakati sisi ndani tunatafuta serumu kwenye rafu za etajere ishirini. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Tangu hapo nilisema vita haitanikuta tena nikitafuta.

Halafu wafadhili wakatuletea mashini. Ni kabati la chuma, refu kama nyumba, na ndani yake mna sinia arobaini na nane zilizofungwa kwenye mnyororo, zinapanda huku, zinashuka kule. Unaandika jina la dawa kwenye ordinateri, ile kompyuta yake, sinia zinazunguka, na ile yenye dawa inakuja kusimama dirishani, mbele ya kifua chako. Siwezi kusema uongo, ilifanya kazi. Bon ya Lemera, karatasi yao ya kuomba dawa, iliyotumaliza asubuhi nzima ikawa inatoka kwa dakika arobaini. Magoti yangu yalipumzika. Makosa yalipungua. Lakini dawa haikuwa tena na kwake. Mashini iliiweka popote palipo na nafasi, leo kando ya sabuni, kesho kando ya glavu, na ordinateri peke yake ndiyo ilijua.

Félicien, chefu wetu, aliwarudisha nyumbani wafanyakazi wanne, akauza etajere. Tukabaki mimi na Kadija, mwanamke wa Kalundu asiyejua kufunga mdomo. Siku moja Félicien akasimama juu ya karto zangu.

"Mama Kankindi, hizi zinafanya nini hapa?"

"Zinangojea vita, chefu."

Akacheka. "Dawa inayolala mlangoni ordinateri haiioni. Ingiza zote."

"Na umeme ukikatika?"

"Jenereta iko."

"Na mazutu ikiisha?"

"Iko mkono wa chuma wa kuzungushia. Wenye kuitengeneza walifikiria yote, mama. Weye uliishia darasa la ngapi?"

"La sita."

"Basi."

Ule mkono wa chuma haukukaa depo hata mwezi mmoja. Mlinzi alizungushia sinia siku ya mapumziko, akatoka na kinini mifukoni. Félicien alimfukuza, na mkono akauweka ndani ya jeep yake.

Karto ya Kiringye niliifungua, ya Lemera pia. Ya Bwegera niliificha chini ya meza, nyuma ya ufagio. Bella, kitinda mimba wangu, ameolewa Bwegera kwa wakulima wa mpunga, na alikuwa na mimba ya miezi saba. Katika mimba ya kwanza alishikwa na kifafa, akaponea chupuchupu. Kadija aliiona karto, akanong'ona, "Dada, minye sijaona kitu. Macho yangu ni ya kuangalia wanaume tu."

Lakini ilikuwa Kwaresima. Nilipojitayarisha kwa kitubio nilijiuliza: hii karto ni ya nani? Si yangu. Mkubwa amesema moja, nimefanya lingine, na nimefanya kwa ajili ya mtoto wangu kuliko watoto wa wengine. Nikaona ni wizi, tena wizi wenye uso wa huruma. Ijumaa, kabla ya kwenda kanisani, nikakata kamba kwa mkono wangu, nikailisha mashini dawa moja moja. Sinia zikazunguka, zikazipeleka juu. Nilienda kuungama nikiwa mwepesi kama mtoto wa Komunyo ya kwanza.

Wiki ya tatu baada ya Pasaka vita ikafika tambarare ya Ruzizi. Umeme ukakatika Jumatatu. Jumanne alfajiri Félicien akanyonya mazutu yote ya jenereta, akaitia kwenye jeep, akavuka mpaka kwenda Bujumbura. Mkono wa chuma ukavuka pamoja naye.

Siku hiyo, saa tatu asubuhi, Libérat, muganga wa kituo cha Bwegera, akaingia na pikipiki, matope hadi kifuani.

"Mama, ni Bella. Kichwa kinamuuma tangu jana, uso umevimba, anasema anaona nyota mchana. Magnezi yetu imeisha. Nipe nirudi, njia bado iko wazi."

Farmasi za mjini zilikuwa zimefungwa, wenyewe wakiwa njiani na magodoro kichwani. Magnezi ilikuwa hapa, hatua tano kutoka kwetu, nyuma ya chuma. Dirishani ilikuwa imesimama sinia ya miswaki na sabuni.

"Alhamdulillahi," Kadija akasema, "waasi wakifika tutawasugua meno." Akaona uso wangu, akakimbia kuazima shoka la muuza kuni.

Tulipasua ubavu wa mashini. Bati lilikuwa nene, shoka lilikuwa butu, tukapokezana. Saa tano na nusu tundu likatosha kupitisha mwili. Nikapanda ngazi nikaingiza kichwa na mkono. Sinia ya kwanza: bandeji, sabuni. Ya pili: glavu, dawa za macho. Nilikuwa nasali Salamu Maria, na kila sinia ilikuwa na kitu kingine. Katika etajere zangu za zamani ningefumba macho nikashika magnezi. Hapa nilikuwa mgeni.

"Mama, kaza," Libérat alisema chini yangu.

Tuliipata saa nane, kwenye sinia ya juu kabisa upande wa nyuma. Chupa zilikuwa zimefungwa bado kwa karatasi yangu, ile yenye mwandiko wangu: Bwegera.

Njia ilikuwa imefungwa Sange tangu saa sita. Libérat aliiacha pikipiki Kiliba, akapita kwa miguu katika mashamba ya mpunga, chupa zimefungwa tumboni. Alifika kesho yake. Bella alikuwa amekwisha kufa, na mtoto ndani yake. Chupa zikamsaidia mwanamke wa Kiringye aliyekimbilia pale na uchungu. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke yule. Nilimshukuru meno yakiwa yameumana.

Félicien alirudi baada ya miezi miwili, amenenepa. Akalizunguka tundu lile kama mtu anayeangalia maiti ya ndugu.

"Nani alipasua mashini?"

"Mimi."

"Sisi wawili," Kadija akasema. "Na jeep yako ilisaidia."

Félicien akanigeukia mimi. Akanipa karatasi ya wafadhili. "Andika sababu, mama. Kwa ufupi."

Nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la sita: Bon ya Bwegera imefika saa tatu. Dawa imetoka saa nane.

Akasoma. "Hii si sababu. Hizi ni saa."

"Ndiyo hiyo, chefu."

Aliikunja, akaandika nyingine mwenyewe. Sikuuliza aliandika nini. Fundi amekuja, bati limeshonwa, sinia zinazunguka tena. Bon ya Lemera inatoka kwa dakika thelathini na nane, na Félicien anawaambia wageni hivyo.

Karto ya Bwegera iko tena chini ya meza, nyuma ya ufagio. Kila mwezi naenda kuungama, nasema yote. Hiyo sijaisema.