Haikulia, Afande

Nisikilize mpaka mwisho na usinikatize, maana nikikatizwa napandisha hasira, na nikipandisha sitamaliza. Naitwa Rosebella, Mkenya wa Busia. Nauza simu na kuzitengeneza kwenye jengo la maduka hapo juu ya soko la Kikuubo, ghorofa ya pili, kibanda cha kioo. Huu ni mwaka wa tisa. Katika kazi yetu kuna uongo mmoja tunaoutumia sote: mteja akirudi analalamika simu haishiki, unamwambia ni netiweki. Mnara umejaa watu. Mvua. Wanachimba barabara, wamekata waya. Basi anaondoka. Jirani yangu Marjan, anayeuza kava na chaja, husema netiweki ndiye kibarua wetu asiyelipwa, kila mzigo tunamtwika yeye.

Mwezi wa pili niliingiza boksi la simu ziitwazo Tavino. Skrini pana, kamera nne mgongoni, rangi ya zambarau ya kumetameta. Mimi ni fundi, si dalali tu. Nilifungua moja nikajua mara moja. Kamera wameweka, urembo wameweka, lakini modemu, ile chipu inayoongea na mnara, wametia ya bei ya chee kabisa. Karibu na mnara inajitapa. Ukiingia nayo mahali pa kuta nzito inakata roho. Niliilaza chini ya ngazi kando ya simu yangu ya vitufe, hizi tunazoita kabambe. Kabambe ilishika vizuri. Tavino iliandika: hakuna huduma.

Nilijua, basi. Usiseme sikujua. Lakini boksi nilishalinunua, na pale kibandani mnara unauona kwa dirisha, kwa hiyo kila mteja akijaribu simu anakuta mistari ya netiweki imejaa. Marjan alinicheka: "Kizuri chajiuza, Rosebella. Wewe mbona unazitembeza hivyo?" Nikamwambia ashughulike na kava zake.

Afande Akwero alikuja mwezi wa tatu. Koplo wa polisi, Mwacholi, mjane wa polisi mwenzake. Alikuwa akiishi peke yake kwenye kota za polisi Nsambya, ndani ya unipoti, kile kijumba cha mviringo, bati kuanzia chini mpaka juu. Mkononi alikuwa na kabambe ya zamani iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Kazini walikuwa wameanza kutuma zamu kwa WhatsApp, na mkubwa wake alikuwa amemgombeza mbele ya vijana kwa kukosa zamu moja. Alitaka simu kubwa. Nikampa Tavino, nikachukua ile kabambe yake na nyongeza kidogo. Haki ya Mungu, ile kabambe niliitamani. Zile za zamani zinashika hata chini ya kitanda. Wiki hiyohiyo nilimuuzia kabambe hiyo Mugisho, mfanyabiashara wa Bukavu, naye akavuka nayo mpaka.

Nilipokuwa nahamisha laini, afande alinishika mkono. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini.

"Fundi, hapana haribu laini yangu. Mutoto yangu napiga hii namba kila Jumapili, saa nne."

"Laini ni ileile, mama. Atapiga tu."

Mtoto mwenyewe ni Oloya, wa pekee. Analinda mitambo ya mafuta Uarabuni. Kambini kwao simu ni marufuku. Jumapili walinzi hupanga foleni kwenye simu ya kampuni, kila mtu dakika zake, na huku skrini huandika "namba imefichwa", kwa hiyo huwezi kumpigia wewe. Na waliachana vibaya, mama na mwana. Mama alitaka kijana avae sare kama baba yake, kijana akakataa, na siku ya safari mama akamwambia: nenda, kama unaona huku hakuna mtu wako. Hilo neno lilimkaa mama moyoni. Zile simu za Jumapili, miaka minne bila kukosa hata moja, ndizo zilikuwa zikilifuta kidogokidogo.

Wiki mbili baada ya kununua, alirudi.

"Oloya hapana piga."

Nikachukua simu yangu, nikampigia palepale. Tavino ikalia kwa fujo zote.

"Unaona? Nzima. Itakuwa netiweki, mama. Mnara wa Nsambya unasumbua siku hizi."

Akaamini. Akarudi tena Jumapili ya nne ilipopita, na siku hiyo nilikuwa na wateja watatu, mmoja ameshika Tavino anaigeuzageuza. Afande akaiweka simu yake juu ya kioo, akasema kwa sauti kwamba hii simu ni mgonjwa. Nikapandisha. Mungu anisamehe, nilipandisha kwelikweli.

"Afande, hii simu imelia mbele ya macho yako! Simu italiaje kama mtu hapigi? Muulize mwanao, si mimi!"

Mama wa watu, na sare yake iliyopigwa pasi, akaichukua simu akaitia mfukoni. Niliona haya, lakini sikumfuata. Yule mteja alinunua.

Nilidhani sitamwona tena. Kumbe polisi ni polisi. Jumamosi moja jioni, wakati nafunga, akaja akiwa ametulia, kama mtu aliyekwisha panga upelelezi wake.

"Kesho natumwa Mengo, kuna sherehe pale Lubiri, kwa nyumba ya mufalme, na sisi hatuendi na simu. Wewe nakaa na hii. Saa nne sikiliza. Ikilia, basi mimi iko na mutoto, na shida ni ya simu. Isipolia, nitajua."

"Mama, sisi mafundi hatupokei simu ya mteja. Ni sheria yetu. Watu wameachana kwa sababu ya fundi kusema haloo."

"Usipokee. Sikiliza tu."

Jumapili nilifungua nusu siku. Marjan hakuwapo, vibanda vingi vilikuwa vimefungwa, jengo lilikuwa kimya. Nikaiweka ile Tavino mbele yangu, nikaanza kuunga chaja fulani. Moyoni nilikuwa naomba isilie. Hebu fikiria mtu wa namna hiyo.

Saa nne na dakika mbili, ikalia.

Namba imefichwa. Ililia mpaka ikakatika. Ikalia tena. Mara ya pili nilinyoosha mkono, kidole kikafika juu ya skrini. Kisha nikafikiria: nikipokea, atauliza kwa nini mama hapatikani wiki saba, nami nitajibu nini? Kwamba nilimuuzia simu kiziwi? Kabambe yake iko Bukavu! Nikajiambia sheria ni sheria, simu ya mteja haipokelewi. Ikalia mara ya tatu, ndefu kuliko zote, halafu ikanyamaza. Nilijiambia kesho nitamweleza mama kila kitu.

Kesho ikafika. Afande aliingia saa tatu asubuhi. Nilikuwa na mama mmoja na binti yake aliyefaulu kwenda chuo, wameshachagua Tavino mbili, wanasubiri niwafungie. Marjan alikuwa ameegemea mlango. Afande Akwero hakupiga kelele safari hii. Alisimama pembeni akangoja, halafu akauliza polepole:

"Fundi. Ililia?"

Wale wateja wakanitazama. Marjan naye akanitazama.

"Haikulia, afande."

Basi. Maneno mawili. Akatikisa kichwa, akaipokea simu yake kwa mikono miwili, akasema, "Asante kwa ukweli," akateremka ngazi. Nikafunga zile simu mbili, moja nikaitia kwenye boksi bila chaja, mpaka Marjan akaniuliza kama nimekula.

Sikupata raha wiki nzima. Chakula kilikuwa kichungu, watoto wangu wakiniita nafoka. Nikamsimulia Marjan. Hakunitania. Alisema, "Maji yakimwagika hayazoleki, lakini kisima bado kipo. Mtafutie simu." Akanisaidia kutafuta, na Ijumaa tukapata kabambe safi, ya aina ileile aliyokuwa nayo mama. Niliijaribu chini ya ngazi, ikashika. Jumapili, saa tatu na nusu, nilikuwa kwenye lango la kota za Nsambya nauliza kwa afande Akwero.

Alinipokea vizuri, hilo ndilo lililoniumiza. Akanikalisha kwenye kiti cha pekee, yeye akakaa kitandani. Ndani ya unipoti mlikuwa na joto na harufu ya mafuta ya taa. Ile Tavino ilikuwa mezani, uso juu, na kwenye skrini hapakuwa na mstari hata mmoja. Alikuwa akikaa humu kila Jumapili akitoka kanisani, mlango ameufunga ili kelele za watoto wa jirani zisimzuie kumsikia mwanawe, na bati lote hilo limemzunguka. Alikuwa amejifungia na simu ambayo haiwezi kusikia.

"Nimekuletea simu nyingine, mama. Zawadi. Tujaribu laini yako humu."

Nikahamisha laini. Mistari minne ikasimama palepale, ndani ya bati. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nikamwambia tungoje saa nne.

Tukangoja. Saa nne ikafika, ikapita. Saa nne na robo. Nilikuwa naitazama ile kabambe mpaka macho yananiwasha. Nilimuuliza kama kuna namba ya kampuni ya Oloya. Akasema wakala aliyempeleka alikwisha funga ofisi, hata kibao kimeng'olewa. Saa tano. Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, hana haraka.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Zile Jumapili za kwanza, Oloya alipopiga, aliambiwa namba haipatikani. Mtu akiambiwa hivyo hulaumu netiweki, hujaribu tena wiki nyingine. Lakini Jumapili iliyopita simu ililia. Ililia mara tatu, vizuri, upande wa pili akasikia inaita, inaita, na mama hapokei. Kijana aliyeambiwa nenda kama huna mtu wako, alipata jibu lake kutoka kwangu, kibandani kwangu, kidole changu kikiwa juu ya skrini.

Saa sita kasoro robo nikashindwa. Nikaanguka magotini.

"Mama, ililia. Ile Jumapili ililia mara tatu, namba imefichwa. Nilikudanganya. Simu niliyokuuzia ni mbovu, na nilijua ni mbovu kabla hujainunua. Oloya amekuwa akikupigia siku zote!"

Akaweka ungo chini. Akatabasamu kwa uchovu, akanishika mkono akaniinua.

"Wewe iko na roho muzuri, mwanangu. Lakini hapana danganya mutu mukubwa. Mimi polisi miaka ishirini na nane. Naona wewe nasikia huruma kwa mimi, ndiyo unasema hivi."

"Naapa mbele ya Mungu, mama!"

"Hapana apa siku ya Mungu." Akaichukua kabambe, akanionyesha skrini. "Hii nashika, si ndiyo? Mistari nne. Umekaa na mimi toka asubuhi. Basi Oloya iko wapi?"

Nikainama nikaikazia macho ile skrini.

"Ulisema kweli siku ile, mbele ya watu," akasema. "Nilikasirika, lakini ulisema kweli. Simu haiwezi kulia kama mutu hapana piga."

Akafungua mgongo wa kabambe kwa ukucha, akatoa laini, akanirudishia simu. "Peleka kwa mutu anayepigiwa."

"Mama, kaa nayo. Jumapili moja tu. Nakuomba."

"Zamu ya kesho nakuja kwa WhatsApp, kwa hii kubwa."

Nilimwona akiingiza laini kwenye Tavino, taratibu, kwa vile vidole vilivyozoea bunduki. Nikatazama juu ya skrini. Mstari mmoja ukatokea, ukapotea, na yale maneno yakajiandika: hakuna huduma. Akaiweka mezani, uso juu, akabeba ungo wake kwenda kwenye jiko la mkaa lililokuwa mlangoni.

"Utakula?" akaniuliza.

Nikasema nitakula.