Ngao ya Mkuu

Mkuu wa ofisi ya wapima ardhi alikuwa bingwa wa kuhubiri faragha. Hakukuwa na kikao asichokichomekea habari za wezi wa mtandaoni, mpaka wafanyakazi wakambandika jina la Bwana Ngao. Mwezi ule akaja na jipya: kila mtu aweke kwenye kivinjari chake kiendelezi, kijiprogramu cha kuzuia matangazo na kuwafukuza wanaonusanusa mambo ya watu. Alipita meza kwa meza akikiweka kwa mkono wake mwenyewe, makini kama nesi anayefunga bendeji.

Karani wa masjala alishukuru kwa moyo mmoja. Matangazo ya dawa za kupunguza kitambi, yaliyokuwa yakimrukia kila afunguapo ukurasa, yalikoma siku hiyo hiyo.

Wiki mbili baadaye akakutana na Bwana Ngao kwenye ngazi.

"Mama anaendeleaje na goti?" mkuu akauliza kwa huruma.

"Hajambo kidogo, mkuu," akajibu, akapanda vidato vitatu, kisha akasimama. Habari za goti la mama yake hakumwambia mtu. Aliiuliza kompyuta tu, jana yake, saa ya chakula, ofisi ikiwa tupu.

Kesho yake akamwomba wifi yake, mwalimu wa kompyuta, apite ofisini mchana, eti anamletea mwavuli. Wifi akavuta kiti, akafungua orodha ya viendelezi, akasoma kimoyomoyo.

"Wifi, ulipokikubali hiki ulisoma masharti?"

"Nisome nini? Kina picha ya ngao."

"Matangazo kinazuia kweli. Halafu kinasoma kila unachoandika, na kila jioni kinapeleka ripoti kwa msimamizi."

"Msimamizi ndiye nani?"

Wifi akamwonyesha anwani kwa kidole. Ilikuwa ya Bwana Ngao.

"Nikung'olee?"

Hasira zilimpanda karani mpaka masikio yakawaka moto. Lakini miaka kumi na moja katikati ya mafaili ilimfundisha kwamba karatasi humuumbua anayeisoma, si anayeiandika peke yake.

"Kiache," akasema. "Anapenda kusoma, basi tumpe cha kusoma."

Siku hiyo akaandika: mkuu akihamishwa ghafla, nani hukaimu? Siku ya pili: hotuba fupi ya kumuaga bosi asiyependwa. Siku ya tatu akauliza keki ya kuagana ya watu kumi na wanne inataka mayai mangapi.

Bwana Ngao akaanza kunywea. Alipiga simu makao makuu mara mbili kwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu, ili asikie tu wanavyomwitikia. Akaanza hata kumsalimia mfagizi. Ijumaa yakamfika shingoni. Kikao kilikuwa cha mipaka ya viwanja, akakikatiza katikati.

"Nataka nijue," akasema, jasho likimchuruzika, "hiyo keki ni ya nani."

"Keki gani, mzee?" mchora ramani akauliza.

"Ya watu kumi na wanne."

Watu wakatazamana. Karani akaweka kalamu chini taratibu.

"Mkuu, keki hiyo sijamwambia binadamu yeyote. Niliiandika kwenye kivinjari kile ulichonilindia. Umeijuaje?"

Bwana Ngao akaanza kukusanya makaratasi yake. Mchora ramani, ambaye wiki nzima alikuwa akiandika barua za kuomba kazi kwingine, akajishika kichwa. Kikao kikaisha bila mtu kukifunga.

Habari zikafika makao makuu, nao wakamletea Bwana Ngao onyo la mistari miwili. Barua ilipitia masjala kama barua zote. Karani akaigonga muhuri, akaisoma mara mbili, akaipeleka mwenyewe.

Kisha akamwita tena wifi yake aje kuking'oa kile kidude, na kwa wenzake pia. Saba walikubali. Watano walikataa katakata, mchora ramani akiwamo.

"Yangu ameshayajua yote, sasa nimfiche nini?" akasema. "Kilichokuwa kinanichosha ni matangazo."