Nchi ya Eko Haina Bandari

Baba yangu ni sajini wa ghala. Muulize buti za kikosi kizima, atakwambia namba ya kila mguu na ni mguu wa nani wenye kidole kilichopinda. Muulize tofauti ya mkataba na tamko, anakunja uso kama mtu aliyeombwa kuimba mbele ya wakwe.

Mtihani wa kuwa ofisa una masomo sita. Matano alishayapita zamani. La sita linaitwa Uhusiano wa Nje na Mambo ya Dunia, na lilikuwa limemwangusha mara mbili. Mara ya kwanza alipata thelathini na moja kwa mia. Akajifungia na kijitabu mwaka mzima, akasoma hadi macho yakawa mekundu, akarudi. Akapata thelathini.

Kupita ni hamsini. Mwisho wa kujaribu ni miaka arobaini, na yeye alikuwa na thelathini na tisa na miezi kumi. Kwa hiyo huu ulikuwa wa mwisho. Akianguka, atastaafu na tepe zake tatu mkononi, akiwapigia saluti vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kufunga kamba za buti.

Kuna jambo jingine. Ghalani kwake, rafu ya juu kabisa, nyuma ya vyandarua, kulikuwa na jozi ya viatu vya ofisa, vyeusi, namba arobaini na mbili. Vilikuwa vimekaa pale miaka minne. Kila luteni mpya aliyevaa arobaini na mbili aliambiwa namba hiyo imekwisha. Baba alikuwa akivaa arobaini na mbili. Nimeambiwa nisimwambie mtu, ndiyo maana naandika.

Mimi nimemaliza sekondari, nasubiri matokeo, na nyumbani kwetu anayesubiri matokeo huhesabiwa kuwa hana kazi. Nikateuliwa mwalimu.

Kijitabu kina kurasa themanini. Jeshi halipendi kumuudhi mtu, kwa hiyo ndani yake hamna nchi hata moja ya kweli. Kuna nchi tano za kufikirika: Alfa, Bravo, Charli, Delta na Eko. Zinagombana, zinapatana, zinaitana majina, na mtahiniwa anatakiwa kujua nani alimfanyia nani nini.

"Baba," nikamuuliza siku ya kwanza, "Charli ina msimamo gani?"

"Charli ina... msimamo."

"Upi?"

"Imara."

Nikafunga kijitabu. Ili kupoza mambo nikamuuliza nani kikosini anavaa namba arobaini na sita.

"Koplo wa jikoni," akajibu papo hapo. "Alikuja kubadilisha mwezi wa tatu, Jumanne, mvua inanyesha. Mguu wa kulia una sugu. Mkewe alikuwa amejifungua wiki hiyo."

Hapo ndipo nilipomshika. Kichwa cha Baba hakina ubovu wowote, ila hakipokei kitu kisicho na mwenyewe.

Sasa, ua wetu ni mmoja na bomba ni moja. Bomba liko mlangoni kwa shangazi, dada yake Baba, ambaye ni msusi na huosha vichwa vya watu kuanzia asubuhi. Mama ni fundi cherehani, chumba chake cha kazi kiko upande wa pili, mwisho kabisa wa mpira wa maji. Shangazi akifungua, kwa Mama yanadondoka matone. Kwa ajili hiyo walikuwa hawasemeshani mwezi wa nne sasa. Mazungumzo yote yalipita kwangu, ndiyo maana wananiita Kasuku.

"Kasuku, mwambie shangazi yako maji yamekatika."

Shangazi yuko hatua tatu.

"Shangazi, maji yamekatika."

"Mwambie mama yako mimi si kiziwi."

"Mama, si kiziwi."

Nikafungua ukurasa wa kumi na mbili. Alfa iko juu ya mto, Bravo iko chini, na Alfa inatumia maji yote. Kijitabu kilikuwa kimeandikwa uani kwetu.

Kwa hiyo nikagawa nchi. Alfa, Shangazi. Bravo, Mama. Charli, nchi isiyofungamana na upande wowote, nikampa mjomba, kaka yake Mama, ambaye hula mchana kwa Mama, hula tena kwa Shangazi, na kote husema chakula ni kitamu. Delta, dola kubwa, ni mwenye nyumba: akipita tu kila mtu anatabasamu na kuficha kitu. Bibi, mama yake Baba, akawa Umoja wa Mataifa. Kila kukicha anatoa tamko zito kutoka mkekani, halafu anarudi kulala.

Mambo yakaanza kuingia. Mama alikataa kumshonea Shangazi aproni: vikwazo. Siku aliyonikataza kwenda kwa Shangazi kusukwa: kumwita balozi nyumbani. Karatasi ya zamu iliyobandikwa bombani, ambayo Shangazi aliitumia kufuta mafuta ya nywele: uvunjaji wa mkataba. Baba alikuwa anatoka kazini, anakaa mlangoni na daftari, anaangalia ua kama mtu anayeangalia mpira, na kuandika.

"Leo Bravo amegonga sufuria makusudi," ananiambia. "Ni uchokozi au ni maandamano ya amani?"

Wiki mbili baadaye nikamtungia mtihani wa majaribio. Sabini na moja. Akauweka mfukoni, upande wa moyo, na nadhani alilala nao.

Eko tu ndiyo ilibaki bila mtu. Iko ukurasa wa sabini na nne, aya moja.

"Hiyo ruka," Baba akasema. "Nchi yenyewe ndogo."

Tukaruka.

Ilibaki siku tano kufikia mtihani, Jumamosi, Mama aliposhona kidole chake. Sindano ilipita kwenye ukucha na kubaki humo. Nilisikia yowe moja, kisha nikamwona Shangazi akikatiza ua akiwa ameacha kichwa cha mteja na povu lake. Akalizungusha gurudumu la cherehani polepole kwa mkono, sindano ikapanda, akamkokota Mama hadi bombani na kukiosha kidole kwa maji yale yale ya ugomvi, bomba wazi kabisa, bila kupima.

"Pole wifi," akasema.

"Asante wifi," Mama akasema.

Yalikuwa maneno yao ya kwanza ya ana kwa ana baada ya miezi minne, na mimi sikuhitajika. Niliumia kidogo, siwezi kuficha.

Jumapili Mama hakuweza kujiosha nywele kwa sababu ya bandeji. Baba alirudi zamu saa sita mchana akamkuta mkewe ameinama, kichwa ndani ya beseni la Shangazi, macho kafumba, anacheka.

"Maji yana joto, wifi?"

"Ya uvuguvugu. Hapo hapo, usiongeze."

Baba akasimama na kofia kwapani.

"Kuna nini hapa?"

"Amani," Bibi akatamka toka mkekani. Tamko lake la kwanza kuendana na matukio.

Jumatatu nikamtahini tena.

"Eleza uhusiano wa Alfa na Bravo."

"Mzuri sana. Alfa anamsugua Bravo kichwa."

"Baba."

"Najua! Najua si hivyo. Lakini nikifumba macho nawaona wanacheka." Akapangusa jasho. "Vikwazo vilikuwa vya nini vile?"

Thelathini na nane.

Jumanne, baada ya kazi, Baba akaitisha mkutano uani. Bibi mwenyekiti, mimi katibu. Mjomba alikuja kwa sababu kulikuwa na chai.

"Nina ombi," Baba akaanza, kasimama wima kama yuko kwenye gwaride. "Naomba mgombane hadi Alhamisi saa sita mchana. Baada ya hapo mko huru."

Mama na Shangazi wakaangaliana.

"Kaka, unaumwa?" Shangazi akauliza.

"Nimkasirikie kwa lipi?" Mama akasema. "Juzi tu kaniokoa kidole."

"Kwa yale yale ya zamani. Sitaki mapya, sina muda wa kuyasoma."

Mjomba akasema yeye anaunga mkono pande zote mbili. Bibi akasema vijana wa siku hizi. Mwisho wake wakakubali kujaribu, kwa sababu wanampenda na kwa sababu alikuwa anatia huruma. Shangazi akaenda bombani, akashika kiuno.

"Wewe mwanamke," akasema, "ni mchoyo wa aproni."

"Asante wifi, na wewe pia," Mama akajibu, kisha wote wawili wakaangua kicheko hadi Mama akashikilia ukuta.

"Semeni kwa uchungu!" Baba akapiga kelele. "Semeni mambo ya kweli!"

Kicheko kikakatika. Mama akajifuta macho.

"Ya kweli? Haya. Ya kweli ni kwamba nimechoka. Kila nikigonga sufuria mtu anaandika. Miezi minne mimi na wifi tumenuniana na wewe unakaa mlangoni na daftari. Hukusema hata siku moja, jamani yaishe."

"Tena ulikuwa unafurahi," Shangazi akaongeza. "Nilikuona siku ile ya aproni. Ulitabasamu, kaka."

"Nilikuwa naelewa somo."

"Sisi ni Alfa na Bravo," Mama akasema. "Hata kaka yangu kapewa nchi. Na wewe ni nchi gani?"

Baba akanigeukia. Mimi ni katibu, nikafungua kijitabu. Nchi iliyobaki ilikuwa moja. Nikasoma kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyenizuia:

"Eko ni nchi ndogo isiyo na bandari wala mto. Chakula, mavazi na maji yake yote hupitia kwa majirani. Haina silaha. Ina tabia ya kutazama."

Mjomba akaweka kikombe chini.

Baba akaniomba kijitabu. Akasoma ile aya mwenyewe, midomo ikicheza, kisha akaenda kukaa mlangoni kwake, bila daftari. Jumatano nzima hakutaka nimuulize swali. Nilimkuta mara tatu kwenye ukurasa wa sabini na nne, na mara moja kwenye beseni, akiliangalia tu.

"Utafeli tena mtihani?" nikamuuliza. Nilikusudia utani, haukutoka kama utani.

"Kula chakula chako, Kasuku."

Alhamisi akanyoosha sare, akaenda. Aliporudi alisema maswali yalikuwa matano. Manne ya kwanza aliyajibu nusu nusu, kwa kukumbuka mambo ya kabla ya sindano. La tano lilibeba alama arobaini: Eleza nafasi ya Eko katika mgogoro wa Alfa na Bravo, na upendekeze hatua za kurejesha uhusiano mwema.

"Uliandika nini?"

"Kurasa sita," akasema.

Wiki tatu baadaye aliitwa mbele ya jopo. Kwa kawaida jopo huita waliopita vizuri, au wale ambao karatasi zao zimeshindwa kueleweka, na barua haisemi wewe uko kundi gani. Haya yanayofuata ametusimulia yeye mwenyewe, na Baba hawezi kutunga.

Kanali alikuwa na karatasi zake mezani, amezichora kwa wino mwekundu.

"Sajini, umeandika kwamba Eko iliwahi kuwaomba majirani zake waendelee kugombana kwa manufaa yake. Hilo halimo kwenye kijitabu."

"Halimo, afande."

"Umelitoa wapi?"

"Nilikuwepo, afande."

Kanali akafunua ukurasa.

"Hapa. Hatua ya kwanza: wasianze na maji, waanze na kidole. Hatua ya pili: Bravo aweke kichwa kwenye beseni la Alfa. Fafanua beseni."

"Ni kuinamisha shingo mbele ya mwenye maji, afande, na kufumba macho. Ukikubali hivyo, umeshamwamini. Naye akishika kichwa chako, hawezi tena kusema hakujui."

Meja aliyekuwa pembeni akakohoa. Kanali hakukohoa.

"Na maji?"

"Ya uvuguvugu, afande."

Kanali akaandika kitu. Baba anasema aliandika muda mrefu kuliko neno moja.

Barua ilikuja Ijumaa. Hamsini na nne. Chini yake, kwa wino mwekundu: "Mtahiniwa ameelewa. Aache neno beseni."

Siku hiyo hiyo alipanda ngazi ghalani, akasogeza vyandarua, akashusha viatu. Alituletea fomu tuione. Imetolewa na: yeye, sajini wa ghala. Imepokelewa na: yeye, ofisa mwanafunzi. Sahihi mbili, na amejitahidi zisifanane.

Alivivaa pale pale uani, akatembea kutoka kwa Mama hadi bombani na kurudi. Sote tukapiga makofi. Akarudia. Mara ya tatu nikaona anakanyaga kwa uangalifu.

"Vinabana?" nikauliza.

"Havibani."

"Baba."

Akakaa. Mguu unaosimama ghalani miaka ishirini hupanuka; hilo amewaambia watu wengi, kwa upole, wakati wa kuwabadilishia. Arobaini na tatu sasa, labda na nusu. Namba arobaini na mbili ilikuwa imekwisha kweli.

Mama akapiga goti, akaanza kufungua kamba. Shangazi akafungua bomba, akachanganya na ya kwenye birika, akaleta beseni. Baba akatumbukiza miguu yote miwili, akawaangalia wote wawili, akafumba macho.

"Joto je?" Shangazi akauliza.

"Hapo hapo," akasema. "Asanteni majirani."

Bibi akatamka kwamba sabuni isiachwe ndani ya maji, itayeyuka bure, kisha akajigeuza upande wa pili na kulala.