Alasiri Iliyopigiliwa Msumari

Mlango wa chumba cha ushonaji ulifunguliwa asubuhi kama kawaida, na kabla cherehani hazijapata joto mteja wa kwanza alikuwa ameshasimama kizingitini.

"Suruali yangu, mama?"

"Njoo kesho, baba."

Mteja aliguna, akaondoka. Aliyemjibu alikuwa anaitwa Mama Kesho, na jina hilo hakupewa na adui. Hakuwa mvivu wala mwongo. Alikuwa tu mtu wa siku ya mwisho. Kitambaa kingelala chini ya meza yake wiki nzima, chaki ikifutika juu yake, naye akizungusha mkasi kidoleni na kuuliza habari za watoto wa watu. Kisha ingefika alasiri ya mwisho, ile ambayo kesho yake mwenye nguo anakuja na hasira za kweli. Jua lingeingia kwa dirisha la nyuma na kuweka kipande cha mwanga cha pembe nne ukutani, juu ya meza ya pasi. Hapo Mama Kesho angevuta kiti, na mikono ya shati ingekaa mara ya kwanza bila pini, na kola ingelala shingoni kana kwamba imezaliwa hapo.

"Siku ya mwisho ina mikono yake," alipenda kusema. "Mimi huiazima tu."

Aliyekuwa akiambiwa hivyo ni fundi wa matundu ya vifungo, kijana mwenye macho mabovu aliyekaa karibu na dirisha. Alikuwa akiishi na mdogo wake, na kila jioni mdogo wake huyo alikuja kumshika mkono wavuke barabara pamoja.

Jumamosi ya wiki hiyo binti wa Mama Kesho alikuwa anaolewa. Ni binti wa pekee. Kitambaa cha gauni, cheupe kama maziwa, kilikuwa kimekatwa zamani na kukaa ndani ya mfuko chini ya meza, pamoja na bitana yake na zipu yake. Binti alikuwa amepita kukiulizia mara nyingi mpaka akaanza kucheka mwenyewe.

"Mama, hata mimi unaniambia njoo kesho?"

"Wewe unashangaa nini? Hata kuzaliwa ulichelewa, na nilikungoja."

Alimpenda mtoto huyo kuliko macho yake, na gauni lenyewe alikuwa amekwisha kulishona kichwani, mpaka mshono wa ndani ya kwapa ambao hakuna atakayeuona. Alikuwa anaingoja alasiri yake tu.

Alhamisi, mwenye karakana alirudi kutoka semina ya kuongeza tija. Wote walimwita Bosi. Alikuja na koti jipya na maneno mapya. Alisema wafanyakazi wote duniani wana ugonjwa mmoja, hawana hisia ya uharaka, na dawa yake imepatikana. Akaandika ukutani kwa chaki, kwa herufi kubwa: CHELEWA CHELEWA UTAKUTA MWANA SI WAKO. Kisha akaingiza majora ya kitambaa cha sare za shule na kusema mteja anazitaka kesho.

Alasiri ilipofika, Bosi alisimama na kikombe cha chai nyuma ya Mama Kesho. Alimtazama akishona sketi, kisha nyingine, kisha nyingine, mpaka akasahau kunywa.

"Kila siku unaweza kufanya hivi?"

"Siku yenyewe haiwi hivi kila siku, Bosi."

Bosi alikitazama kile kipande cha mwanga ukutani. Akaenda stoo, akarudi na ngazi, nyundo na msumari wa inchi tatu. Alipanda, akaupima msumari kwenye pembe ya juu ya mwanga, akaupigilia. Mwanga ulitikisika kidogo, ukatulia.

"Ungeusogeza kushoto," alisema fundi wa matundu. "Hapo utanipiga machoni."

"Hamisha kiti," alisema Bosi. Akavua koti, akalitundika kwenye ule msumari, na kazi ikaendelea.

Tangu hapo alasiri haikuondoka. Chumbani kulibaki na lile joto la saa kumi, vumbi la pamba likiwa limesimama hewani, rangi ya dhahabu, lisitue wala lisipae. Hakuna aliyeona njaa. Hakuna aliyechoka. Chai ya Bosi ilibaki vuguvugu. Na mikono, jamani, mikono! Sindano ilikuwa haionekani tena, ulionekana mshono tu ukitembea. Sauti ya cherehani ilikuwa inafika baadaye, nguo ikiwa imeshakunjwa. Sare zilipanda mpaka darini, zikahamishwa, zikapanda tena. Fundi wa matundu alikuwa akilitazama shati tu, matundu yanatokea, naye anapitisha uzi kwa adabu. Wakati fulani Mama Kesho alitokwa na machozi bila kuondoa mguu kwenye kanyagio.

"Mungu wangu," alisema, "kumbe haya yote yalikuwa humu vidoleni."

Ilikuwa furaha, na hakuna haja ya kuificha. Maisha yake yote alikuwa ameionja furaha hiyo kwa kijiko, na sasa amewekewa chungu kizima.

Kila sare zilipokaribia kwisha, Bosi aliingia na majora mengine. "Haya jamani, mteja anakuja kesho." Na ilikuwa kweli. Mle ndani, mteja alikuwa daima anakuja kesho.

Gauni halikumtia wasiwasi. Kwa mikono ile lingekwisha kabla birika halijachemka. Acha amalize hizi sketi kwanza. Tena Jumamosi ilikuwa keshokutwa, na ilibaki keshokutwa.

Mlango ukabishwa.

"Mama! Gauni liko tayari?"

"Njoo kesho!" aliita bila kugeuka, mdomo ukitangulia akili kama ilivyo desturi yake.

Alishona kola kadhaa. Mlango ukabishwa tena, kwa nguvu zaidi.

"Mama, wageni wameshafika. Fungua basi!"

"Kesho, mwanangu, kesho!"

Fundi wa matundu naye aliitwa na sauti ya mdogo wake, kwamba giza linaingia na barabara ina magari. Alitazama ukutani, akaona jua lipo, akajibu kwamba bado mapema.

Waliendelea. Mlango ulibishwa mara nyingine, taratibu safari hii, kama mtu anayebisha nyumba yenye mgonjwa. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mzima, na Mama Kesho alidhani ni mteja.

"Mama, tumekuja kukusalimia."

"Njoo kesho!"

Kisha, upande wa pili wa mlango, sauti ndogo, ya kitoto kabisa, ikasema, "Mama, bibi amesema tuje kesho."

Mguu wa Mama Kesho ukasimama. Ulikuwa haujasimama tangu msumari ulipopigwa. Moyo ulimpasuka kwa hofu, na hofu hiyo ikashuka yote mikononi, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyokuwa inaijua. Aliinama, akavuta mfuko chini ya meza, akalishona gauni.

Walioona wanasema hawajapata kuona tena kitu kama kile. Kitambaa kiliinuka mezani chenyewe na kuzunguka, akakifuata kwa sindano kikiwa hewani. Bitana iliingia ndani kama maji yanavyoingia mtungini. Kiuno kilikaa, mikono ikakaa, pindo likajizungusha mara moja na kufunga. Ule mshono wa kwapani aliushona kama alivyouota. Mafundi wengine waliinua vichwa, na kwa muda huo tu cherehani zote zilikuwa kimya, na mwanga wote wa chumba ulikuwa umehamia kwenye lile gauni. Kisha aliliweka begani, akakimbia, akafungua mlango.

Nje ilikuwa asubuhi, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Ngazi za mlangoni zilijaa watu waliokaa na miavuli, mikeka na vibakuli vilivyofunikwa. Karibu na ukuta alisimama mwanamke mwenye mvi kuzunguka masikio, na pembeni yake msichana mrefu aliyemzidi kimo. Mama Kesho alimtafuta mtoto wa ile sauti ndogo, hakumwona. Alirudi kwa yule mwenye mvi, akamtazama pua, akamjua mwanawe.

"Limekwisha," alisema.

Binti yake alilipokea gauni. Aliligeuza ndani nje kama alivyofundishwa tangu utotoni, akapitisha kidole kwenye mishono, akafika kwapani, kidole kikakaa hapo.

"Zuri mno, mama. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi."

"Na harusi?"

"Ilikwenda vizuri. Shangazi aliniazima lake. Lilinibana kidogo."

"Nimekimbia. Huyu mdogo aliposema 'bibi', nimekimbia mwanangu, haki ya Mungu, sijapata kushona vile."

"Alikuwa hajaanza hata shule siku ile," alisema binti, akimwonyesha yule msichana mrefu. Msichana akapiga goti kidogo. "Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Binti alilikunja gauni polepole, mikono kwa ndani, akalikumbatia.

"Ungefungua tu, mama," alisema. "Gauni lingengoja."

Mama Kesho alisimama kizingitini, nusu ya uso kwenye alasiri na nusu kwenye asubuhi, vidole vyake bado vikishona hewa.

"Funga mlango!" aliita Bosi kutoka ndani. "Alasiri inatoka!"

Aliufunga, akiwa upande wa nje. Kabla komeo halijashika alisikia mtu akivuta kiti chake, na cherehani yake ikaanza kulia kwa mguu mwingine. Binti alimshika mkono mmoja, mjukuu wa pili, na vidole vikatulia kidogo wakati wanashuka ngazi.

Kwenye ngazi ya chini kabisa alikaa mzee asiye na meno, fimbo magotini. Alimvuta Mama Kesho upindo wa nguo.

"Samahani, dada. Nakuona umetoka ndani. Kaka yangu anatoboa matundu ya vifungo, yule anayekaa dirishani. Macho yake si mazuri, nimekuja kumvusha barabara. Amesema anatoka lini?"

Mama Kesho alifungua mdomo, na neno likaja lenyewe.

"Kesho."

"Ah, basi si mbali," alisema mzee, na akajisogeza vizuri kwenye mkeka wake.